Kuunganisha Deki ya DVD na Runinga, Kuanzia Waya wa Rangi Tatu Hadi HDMI

Kuchomeka waya ni kazi ya dakika mbili. Kinachowatesa watu ni yanayofuata: skrini ya buluu isiyoonyesha kitu, picha iliyopoteza rangi, sauti inayosikika huku picha haipo. Karibu matatizo yote ya namna hii hutokana na mambo matatu. Waya umeingia kwenye tundu lisilo lake, au runinga imewekwa kwenye tundu jingine, au deki yenyewe imepangwa itoe picha kwa njia ambayo hukuichomekea waya. Hilo la tatu ndilo linalowapeleka watu kwa fundi bila sababu, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Geuza vyote viwili kwanza

Usinunue waya kabla hujaona migongo ya vifaa vyako. Nyuma ya deki tafuta neno OUT au OUTPUT. Nyuma au ubavuni mwa runinga tafuta IN au INPUT. Picha na sauti zinatoka kwenye deki na kuingia kwenye runinga, kwa hiyo waya unaanzia OUT na kuishia IN. Utaona kama ni jambo la mtoto mdogo, ila runinga nyingi nazo zina matundu ya OUT ya kupeleka sauti kwenye redio, yako jirani kabisa na yale ya IN, na yana rangi zilezile. Nyuma ya runinga kuna giza. Washa tochi ya simu usome, usipapase.

Utakayokuta huko nyuma ni baadhi ya haya:

- Matundu matatu ya mviringo, njano, nyeupe na nyekundu. Haya ndiyo AV. Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia.
- Matundu ya kijani, buluu na nyekundu yenye maandishi Y, Pb, Pr au COMPONENT. Haya ni ya picha tupu, hayabebi sauti.
- Tundu bapa, jembamba, lililopunguzwa pembe mbili za chini: HDMI. Hubeba picha na sauti pamoja.
- Tundu refu na pana lenye nafasi 21 za pini: SCART. Hupatikana zaidi kwenye vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya.
- Duara dogo lenye vitundu vinne ndani: S-VIDEO, picha tu.
- Tundu la antena, ambalo karibu kila runinga inalo.

Linganisha pande mbili, kisha uchague njia iliyopo kote kote. Kama zipo kadhaa, chagua HDMI kwanza, halafu ile ya kijani, buluu na nyekundu (au SCART iliyowekwa kwenye RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu zikisafiri kila moja peke yake), halafu S-VIDEO, halafu AV. Antena ni ya mwisho, pale ambapo hakuna jingine.

Usitegemee miujiza, lakini. Diski ya DVD imehifadhi picha ya mistari 576 kwa mfumo wa PAL au 480 kwa mfumo wa NTSC (hii ni mifumo miwili ya picha za runinga inayotofautiana kwa nchi), na kila mstari una nukta 720. Hata deki ikiandika 1080p kifuani, inachofanya ni kuikuza picha hiyohiyo. HDMI itaipa usafi na rangi zilizotulia, lakini hakuna waya unaoweza kuongeza kitu ambacho hakimo kwenye diski.

Zima, chomoa, soma kibandiko

Zima vyote viwili na uvichomoe kwenye umeme kabla ya kugusa nyaya. Ukiwa huko nyuma, soma kibandiko cha umeme cha deki. Ikiandikwa AC 100–240V haina ubaguzi wa soketi. Ikiandikwa 110V au 120V peke yake na umeme wako ni wa 220V hadi 240V, usiichomeke bila kifaa cha kupunguza umeme. Itaungua, na itaungua papo hapo.

Deki iweke mahali inapopata hewa. Juu ya king'amuzi au amplifaya inayochemka si mahali pake.

Waya wa rangi tatu

Hii ndiyo njia iliyoenea kuliko zote, na makosa yake ndiyo mengi kuliko ya nyingine zote.

Chomeka njano kwenye VIDEO OUT ya deki, nyeupe kwenye AUDIO OUT L, nyekundu kwenye AUDIO OUT R. Upande wa runinga fanya vivyo hivyo kwenye IN. Kila kichwa kisukume hadi kikome huku ukikizungusha kidogo. Kichwa kilichoingia nusu hutoa muungurumo, au picha inayokatika mtu akipita karibu. Unapochomoa, shika kichwa chenyewe, usivute waya.

Sasa angalia mgongo wa deki kwa makini zaidi. Deki nyingi zina tundu moja la ziada lililoandikwa COAXIAL au DIGITAL OUT, mara nyingi la rangi ya chungwa au jeusi. Umbo lake ni sawasawa na lile la njano, na waya wa njano unaingia humo bila shida yoyote. Hutapata picha hata kidogo, maana hilo ni tundu la sauti ya dijitali. Kisha kuna deki zenye matundu sita ya sauti, yenye herufi FL, FR, SL, SR, CEN na SW. Hayo ni ya mfumo wa spika sita. Kwa runinga ya kawaida tumia FL kwa nyeupe na FR kwa nyekundu, au yale mawili yaliyoandikwa MIX L na MIX R kama yapo. Mengine yaache wazi.

Runinga za zamani zenye spika moja huwa na tundu moja tu la sauti, jeupe. Ukichomeka nyeupe na kuiacha nyekundu ining'inie utasikia nusu ya sauti. Kwenye filamu unaweza usigundue, lakini kwenye muziki utakosa baadhi ya vyombo. Dawa yake ni kiunganishi kidogo chenye umbo la Y, matundu mawili upande mmoja na kichwa kimoja upande wa pili.

Rangi za vichwa, kwa kweli, ni alama tu za kukusaidia. Ndani ni waya uleule. Kama umekosa waya wa kijani, buluu na nyekundu, waya wa njano, nyeupe na nyekundu unaweza kufanya kazi hiyo, mradi kila kichwa kilichotoka tundu la kijani kifike tundu la kijani, na vingine vivyo hivyo. Kwa safari fupi ya mita moja au mbili hutaona tofauti kubwa.

Runinga nyembamba isiyo na tundu la njano

Hapa ndipo wengi hukwama. Unageuza runinga mpya, unaona nyeupe na nyekundu, unaona buluu na kijani, lakini njano haipo.

Tazama vizuri tundu la kijani. Mara nyingi limezungushiwa duara nusu kijani na nusu njano, au limeandikwa Y/VIDEO. Maana yake tundu hilo linafanya kazi mbili. Chomeka njano kwenye kijani, acha buluu na nyekundu ya picha wazi, kisha nyeupe na nyekundu za sauti ziende kwenye sauti. Zingatia kwamba hapo kuna matundu mawili mekundu. Lile lililo pamoja na buluu ni la picha, lile lililo pamoja na jeupe ni la sauti. Ukikosea hapo utapata picha nzuri na sauti ya upande mmoja.

Baada ya hapo, kwenye orodha ya runinga chagua AV, usichague COMPONENT. Ukichagua COMPONENT picha itaonekana, tena safi, lakini nyeusi na nyeupe. Runinga inasubiri rangi zije kwa matundu mawili uliyoyaacha wazi. Nimewahi kusikia watu wakiambiwa deki imekufa kwa dalili hiyo, wakati ilihitaji kubonyezwa kitufe kimoja cha rimoti.

Runinga nyingine hazina hata hayo. Zina kitundu kimoja chembamba kama cha earphone, kimeandikwa AV IN. Kwa hicho unahitaji waya mfupi ambao upande mmoja una pini nyembamba yenye mistari mitatu myeusi, na upande wa pili una matundu matatu ya rangi. Kwa kawaida waya huo huja ndani ya boksi la runinga, na kwa kawaida ndio kitu cha kwanza kupotea. Ukiupata kwingine, fahamu kwamba watengenezaji hawakubaliani ni mstari upi wa pini unabeba nini. Ukichomeka ukapata sauti ya mlio mkali mahali pa maneno, na picha hakuna, jaribu kuhamisha kichwa cha njano kwenye tundu jekundu, kisha kwenye jeupe. Mkondo unaopita humo ni mdogo sana, hakuna kitakachoungua. Rangi zote tatu zikikataa kwa kila mpangilio, waya huo si wa runinga hiyo. Tafuta ulioandikwa jina la kampuni na modeli yako.

Deki ina AV tu, runinga ina HDMI tu

Waya mtupu wenye rangi tatu upande mmoja na kichwa cha HDMI upande wa pili hautafanya kazi. Unauzwa, ndiyo, na unavutia kwa sababu ni rahisi, lakini picha ya AV ni ya analogi na HDMI ni ya dijitali, na kati yao lazima pawe na kifaa chenye umeme kinachogeuza moja kuwa nyingine. Usitupe pesa.

Unachohitaji ni kiboksi kidogo kilichoandikwa AV2HDMI au AV TO HDMI. Soma mwelekeo kabla ya kulipa, kwa sababu viboksi vya HDMI2AV vinafanana navyo kama pacha, na vinafanya kazi ya kinyume. Kiboksi kina matundu matatu ya rangi ya kuingilia, tundu la HDMI la kutokea, na kitundu cha umeme wa USB. Umeme wa volti 5 unaweza kuuchukua kwenye USB ya runinga. Picha ikianza kupepesa au kiboksi kikizima chenyewe, tumia chaja ya simu. Vingi vina swichi ya 720p na 1080p ubavuni. Anza na 720p, kwa sababu karibu kila runinga ya HDMI inaikubali na hutapoteza chochote kwa picha ya DVD.

HDMI

Hapa maneno ni machache. Kichwa kina upande mmoja tu wa kuingia, usikilazimishe. Chomeka HDMI OUT ya deki kwenye mojawapo ya HDMI za runinga, ukumbuke namba yake. Tundu lenye neno ARC, linaloweza pia kurudisha sauti ya runinga kwenye spika za nje, nalo linapokea deki vizuri tu, ingawa kama una spika za kuunganisha na runinga ni busara kuliacha kwa ajili hiyo. Waya wa bei kubwa hauongezi kitu kwa mita moja au mbili. Ukiwa mbovu utajua, maana picha itakatika au kujaa vidoa, haitafifia kidogokidogo kama ya analogi.

SCART, na runinga yenye antena pekee

SCART hubeba kila kitu kwa kichwa kimoja, na runinga nyingi hujihamishia yenyewe kwenye deki ikiwashwa. Kama runinga ina matundu mawili ya SCART, mara nyingi ni moja tu linalopokea RGB, na hilo ndilo la deki. Kichwa chake ni kizito na huelekea kulegea upande mmoja. Kisukume sawasawa pande zote.

Kwa runinga ya zamani kabisa yenye tundu la antena pekee, unahitaji kifaa kinachoitwa modyuleta ya RF. Rangi tatu zinaingia upande mmoja, waya wa antena unatoka upande wa pili, na runinga inaipokea deki kama vile ni kituo cha televisheni. Kwenye vifaa vya mfumo wa NTSC, swichi huwa na chaneli 3 na 4. Chagua moja na uweke runinga kwenye namba hiyohiyo. Kwenye vya PAL mara nyingi chaneli iko kwenye masafa ya UHF, kwa hiyo iache runinga itafute yenyewe huku deki imewashwa, kisha uihifadhi kwenye namba unayotaka.

Ukipata picha safi lakini sauti ni mvumo mtupu, modyuleta na runinga vinatofautiana mfumo wa sauti. Kuna B/G inayobeba sauti kwa megahezi 5.5 juu ya picha, I kwa megahezi 6.0, na D/K kwa 6.5. Tafuta swichi ndogo ya herufi hizo kwenye modyuleta, au mpangilio wa SOUND SYSTEM kwenye runinga, uvipatanishe.

Wengine hufikiria kupitisha deki ya DVD kwenye deki ya zamani ya kanda, kwa kuwa ile ya kanda ina tundu la antena. Kwa filamu nyingi za dukani haitafaa. Diski hizo zina kinga ya kuzuia kurekodi inayoivuruga deki ya kanda, na picha itakuwa inang'aa, inafifia, inang'aa tena mfululizo. Hilo si tatizo la kurekebisha, ni kinga inafanya kazi yake.

Washa, lakini usiweke diski bado

Washa runinga, kisha deki, ukiiacha tupu. Kwenye rimoti ya runinga bonyeza kitufe cha SOURCE, INPUT, AV au TV/VIDEO, au chenye alama ya mstatili wenye mshale unaoingia. Chagua jina la tundu ulilotumia, yaani AV1, AV2, VIDEO, HDMI 2 au lolote lile. SCART mara nyingi huitwa EXT. Ukishachagua, ngoja sekunde tano. Runinga za kisasa huchukua muda kutambua kinachoingia, na mtu mwenye haraka hupita tundu sahihi kabla halijapata nafasi ya kujitokeza.

Unachotafuta ni nembo ya deki au maandishi NO DISC. Ukiona nembo, kazi ya nyaya imekwisha, na tatizo lolote litakalotokea baadaye ni la diski au la mipangilio. Ndiyo maana nimesema usiweke diski. Mtu akiweka diski mapema, akakosa picha, hajui amlaumu nani kati ya waya na diski yenye mikwaruzo.

Jambo moja la kuangalia kwenye runinga zenye matundu ya AV mbele na nyuma. Kwa baadhi yake hayo ni tundu moja lenye milango miwili. King'amuzi kikiwa nyuma na deki mbele, vyote viwili vikiwashwa, picha zitagongana. Zima kimoja, au hamishia deki kwenye AV nyingine.

Nembo haionekani na nyaya ziko sawa

Sasa tumefika kwenye lile la tatu. Deki nyingi haziwezi kutoa picha kwenye matundu yote kwa wakati mmoja. Ndani ya menyu ya SETUP, ukurasa wa VIDEO, kuna kipengele kinachoitwa VIDEO OUTPUT au VIDEO MODE, na humo kuna majina kama CVBS, S-VIDEO, YUV, RGB na P-SCAN. Tafsiri yake kwa vitendo ni hii. CVBS ni tundu la njano. YUV ni kijani, buluu na nyekundu. RGB ni SCART. P-SCAN nayo hutoka kwenye kijani, buluu na nyekundu, ila kwa picha kamili badala ya nusu-nusu, na inahitaji runinga inayoielewa.

Mtu anayetumia waya wa njano akiteremka kwenye orodha hiyo kwa udadisi na kubonyeza ENTER juu ya P-SCAN, picha hutoweka sekunde hiyohiyo, na menyu ya kuirudisha imetoweka nayo. Kuzima na kuwasha hakusaidii, kwa sababu deki imehifadhi chaguo hilo.

Njia ya kutoka ipo. Toa diski, kisha bonyeza kwenye rimoti ya deki kitufe cha V-MODE, au VIDEO, au P-SCAN, chochote kati ya hivyo kilichopo. Bonyeza mara moja, ngoja sekunde tatu au nne, tazama skrini. Bonyeza tena, ngoja tena. Kila mbonyezo unahamia kwenye aina inayofuata, na ukifika CVBS nembo itarudi. Kubonyeza harakaharaka kutakupitisha CVBS bila kuiona.

Rimoti haina kitufe hicho? Unganisha kwa muda kwa njia nyingine, HDMI au ile ya kijani, buluu na nyekundu, kwenye runinga yoyote inayoipokea, hata ya jirani. Ingia SETUP, rudisha CVBS, kisha urudi kwenye waya wako. Ukiwa humo utaona pia kipengele cha DEFAULT au RESET kwenye ukurasa wa PREFERENCE, kinachorudisha mipangilio ya kiwandani. Kipengele hicho, na vingine kadhaa, huwa hakifunguki diski ikiwa inacheza. Bonyeza STOP mara mbili au fungua mlango wa diski kwanza.

Mipangilio mitatu ya kuweka mara moja

Ukiwa kwenye SETUP, weka umbo la skrini. Kwa runinga pana chagua 16:9. Kwa runinga ya zamani ya mraba kuna 4:3 LB, inayoonyesha filamu nzima ikiwa na mistari myeusi juu na chini, na 4:3 PS, inayojaza skrini kwa kukata pembeni. Mimi huchagua LB. Watu wakionekana warefu na wembamba kwenye runinga ya mraba, imewekwa 16:9. Wakionekana wanene kwenye runinga pana, deki iko 4:3, au runinga yenyewe inavuta picha.

Kisha TV TYPE: PAL, NTSC au AUTO, ambayo deki nyingine huiita MULTI. Runinga nyingi za kisasa zinapokea zote, weka AUTO. Kwa runinga ya zamani inayojua PAL pekee, AUTO itakuletea matatizo siku utakapoweka diski ya NTSC, picha itapanda juu mfululizo au itakosa rangi. Iweke kwenye PAL, na deki itabadilisha yenyewe.

La tatu ni sauti, nalo lina siri yake. Kuna kipengele cha DOWNMIX au SPEAKER SETUP. Kama umetumia nyaya mbili za sauti tu, kiwe STEREO. Kikiwa kwenye 5.1, deki inapeleka maneno ya waigizaji kwenye spika ya katikati, ambayo wewe huna. Matokeo yake milio ya magari na muziki vinavuma, wahusika wanafungua midomo, na maneno yanasikika kwa mbali au hayasikiki kabisa. Ni dalili ya ajabu kwa asiyeijua.

Kupeleka sauti kwenye redio au subufa

Njano au HDMI iende kwenye runinga, nyeupe na nyekundu ziende kwenye AUX IN ya redio. Epuka tundu la PHONO. Hilo ni la gramafoni, litaikuza sauti ya deki hadi ipasuke. Redio yenye tundu la OPTICAL au COAXIAL inaweza kupokea sauti ya dijitali. Hapo kwenye SETUP chagua PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa na deki) kama redio ni ya spika mbili, na RAW au BITSTREAM kama ina uwezo wa kufungua yenyewe Dolby Digital au DTS, ambazo ni aina za sauti iliyobanwa ya filamu.

Suala hilohilo hujitokeza kwa HDMI. Picha ipo, runinga kimya. Geuza sauti ya HDMI iwe PCM. Ikiwa bado kimya, huenda filamu inacheza kwa sauti ya DTS ambayo runinga nyingi haziifahamu. Bonyeza AUDIO kwenye rimoti ya deki na uchague sauti nyingine.

Ukisikia muungurumo mzito usiokoma, chomeka deki, redio na runinga kwenye ekstensheni moja, na utenganishe nyaya za sauti na za umeme.

Nembo ipo, diski haisomwi

Runinga haihusiki tena. Ujumbe wa REGION au WRONG REGION unamaanisha diski ni ya ukanda tofauti na wa deki. Namba imechapishwa ndani ya picha ndogo ya dunia nyuma ya kasha: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya, Japani na Afrika Kusini, 5 ni nchi nyingi za Afrika pamoja na India na Urusi. Diski yenye 0 au ALL haina kizuizi.

NO DISC wakati diski imo ndani, au BAD DISC, ni uchafu au lenzi. Futa diski kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzunguka, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huharibu data nyingi mfululizo, na deki hushindwa kuuruka. Jaribu diski nyingine mbili tatu. Deki ikisoma za kiwandani na kukataa zilizochomwa kwenye kompyuta, rudi kwenye programu iliyozichoma uone kama ilikamilisha hatua ya FINALIZE. Diski isiyofungwa kwa hatua hiyo husomwa na kompyuta iliyoichoma, na deki nyingi zitaikataa.